Mikono ya Mama wa Kwenye Kona

9 Februari

Kaka, shikamoo.

Sisi huku tuzima, kiasi cha mtu kuweza kukaa akashika kalamu. Naandika juu ya meza ya pasi, saa ya chakula, na mashuka ya wodi ya wazazi yananisubiri kwenye toroli. Simu naiogopa, maana wewe na mimi tukipigiana hatumalizi dakika mbili kabla ya kugombana. Barua angalau humpa mtu nafasi ya kumeza mate.

Mama goti linamsumbua lakini mdomo mzima. Anauliza kama unakula. Mtoto mdogo ameota meno mawili na ameamua kuyajaribia kwangu. Shemeji yako yuko safari na lori lake; tunamwona kama mwezi mwandamo, akitokea watu wanaitana. Kazini ni yale yale. Mimi napiga pasi, upande wa pili wa meza Kimya anakunja. Ni yule dada asiyesikia, niliwahi kukutajia. Hatusumbuani.

Hongera kwa cheo. Mama amewatangazia majirani wote, mpaka wale tusiosalimiana nao. "Mwanangu ndiye anayerusha picha angani." Nikamwambia, Mama, harushi yeye, inarusha mitambo. Akanijibu, "Na mitambo inaamriwa na nani?"

Dishi ulilotutumia limefungwa, asante sana. Chiriku wangu ndiye aliyefurahi kuliko wote. Lile jina ulimpa kwa utani, mtoto asiyesikia kuitwa Chiriku, lakini sasa limemkaa: mikono yake haina breki. Kuna kipindi kinamshika. Jumamosi saa nne asubuhi, kwenye chaneli ndogo ya watoto, ile ya mwishoni kabisa mwa orodha, kuna msimuliaji wa hadithi, na chini kwenye kona kuna kiboksi chenye mama mmoja anayeitafsiri hadithi kwa lugha ya ishara. Chiriku anasogea mpaka pua inagusa kioo. Na mimi najifunzia hapo hapo, kwa sababu hatuna mwalimu mwingine. Juni anaitwa usaili wa shule ya viziwi. Wanachukua watoto kumi na wawili tu, halafu hawachukui tena mpaka miaka miwili ipite.

Sasa shida. Yule mama wa kwenye kona akitulia, anaonekana vizuri. Akianza tu kusema, mikono inavunjika vijimraba. Vidole vinakuwa donge. Mara mkono umeganda hewani, mara umeshafika kifuani, na njia uliyopita hatukuiona. Nilimwita fundi wa madishi, akapanda juu ya bati, akashuka akasema mawimbi ni asilimia tisini na mbili. "Dada, ukitaka zaidi ya hapo labda uhamie ndani ya setilaiti."

Wewe ndiye unayefanya kazi huko. Niambie tufanye nini.

Mdogo wako.


6 Machi

Mdogo wangu, marahaba.

Barua yako imefika, ila imenikuta kwenye kazi nyingi. Mimi mzima. Chumba cha mitambo kina baridi ya kuhifadhia nyama, tunavaa makoti mwaka mzima. Mwambie Mama nakula.

Kuhusu picha. Kagua waya unapoingia nyuma ya king'amuzi, usiwe na kutu. Zima kila kitu dakika kumi, kisha washa. Isipotulia, basi elewa hivi. Nguvu ya mawimbi ni jambo moja, wingi wa data ni jambo jingine. Mawimbi yakiwa dhaifu, picha inakatika au inapotea kabisa. Yenu hayana shida. Ila king'amuzi hakipokei picha nzima kila wakati. Kwa sehemu kubwa kinapokea maelezo ya kilichobadilika tangu picha iliyopita. Msoma habari aliyekaa kitako hana mengi ya kuelezwa. Mpira, maji yanayomwagika, mikono inayokwenda mbio, hivyo vinataka maelezo mengi kila sekunde. Chaneli ikipewa kiwango kidogo cha data, maelezo hayatoshi, mtambo unarukaruka na kuparaza, na matokeo yake ndiyo hivyo vijimraba.

Nafasi kwenye setilaiti ni moja, chaneli ni nyingi. Ni kama Mama na ule mkate wa asubuhi: kipande cha mmoja kikinenepa, cha mwingine kinakonda. Wanaogawa huangalia chaneli ipi ina watazamaji wengi. Ndivyo kazi ilivyo.

Busu kwa Chiriku.

Kaka yako.


24 Machi

Kaka, shikamoo.

Tunaendelea. Mtoto mdogo alishikwa na homa siku nne, imeshuka jana, ndiyo maana mwandiko wangu unalala. Mama kasema makoti mwaka mzima si kazi, ni adhabu.

Waya niliukagua, unang'aa kama pete. Nilizima dakika kumi, nikazima na ishirini kwa niaba yako. Vijimraba viko pale pale. Halafu Jumapili shemeji yako alikuwepo, akafungua mpira. Kaka, majani ya uwanja yanahesabika! Nikahamia chaneli ya pili ya mpira, ile mpya, nayo safi kama kioo kilichofutwa kwa gazeti, na yalikuwa marudio ya mechi ya jana yake ambayo kila mtu anajua imekwishaje. Dishi moja, waya mmoja, king'amuzi kimoja.

Kwa hiyo kuna mtu anakata. Wewe umeandika "wanaogawa", kama watu wa sayari nyingine. Anakaa meza gani huyo? Mwendee umwambie kuna mtoto wa miaka sita, hajui kusoma bado, redio si yake, soga za barazani si zake, na lugha yake yote inapita kwenye kiboksi kidogo kama kiberiti. Mwambie shemeji yako amekubali majani ya uwanja yachafuke kidogo. (Hajakubali, lakini hilo niachie mimi.)

Halafu umesema Mama na mkate. Umesahau? Mama alikuwa anaununua. Kisu alikuwa anakupa wewe.

Mdogo wako.


30 Aprili

Mdogo wangu,

Natumaini homa haikurudi. Nimemtumia Chiriku gauni la njano la kuvaa siku ya usaili, na Mama dawa ya kuchua goti.

Suala lako nimelifikisha kwa mhusika. Amelichukua. Lakini uelewe kwamba naye ana wakubwa juu yake, na msimu wa ligi unakaribia kuisha, si wakati wa kugusa kitu. Mvumilie.

Kaka yako.


19 Juni

Kaka,

Mama hajambo, watoto hawajambo, gauni lilimkaa vizuri. Salamu zimeisha.

Tulikwenda. Ofisi ndogo, viti vitatu, ukutani picha za mikono. Mwalimu mkuu mwenyewe hasikii. Ana binti anayekaa pembeni na kumtafsiria kwa sauti watu kama mimi. Alimpokea Chiriku kama mgeni mwenye heshima zake, akamuuliza kwa ishara ana miaka mingapi. Chiriku akainua mkono, vidole vimegandana kama umetoka kwenye unga, akautikisa, akausimamisha hewani, halafu ghafla akaurusha begani. Mwalimu akatabasamu, akauliza tena. Chiriku akarudia vile vile, kwa uangalifu zaidi. Akamuuliza asubuhi amekula nini. Mkono ukaanzia kifuani, ukaganda, ukaruka mpaka mdomoni.

Mimi nilielewa kila neno. Alisema maziwa na yai, na alisema kwa adabu. Nikaona mwalimu hafuati, nikasimama nimsaidie. Nikamweleza kwa mikono yangu mwenyewe, kifua mbele, maana nimejifunza miezi yote na uchovu wangu. Macho yake yakabadilika. Akamgeukia binti, na binti akasita kwanza.

"Anauliza, ni nani aliyewafundisha kugandisha mikono?"

Nikasema, "Televisheni."

Binti akacheka, alidhani natania. Mwalimu hakucheka. Alisema hivi, nami nimeyakariri: "Mtoto ana akili, tena ana bidii kupita kiasi. Amejifunza kila alichoonyeshwa, na kuvunjika kwake kajifunza pia. Pale katikati ambapo mkono unasimama, anadhani ni sehemu ya neno. Tatu na nne kwake ni kitu kimoja. Wenzake wanakuja na lugha ya kuanzia, huyu anakuja na ya nyumba yenu, watu wawili tu wanaielewa." Kisha akasema nafasi moja ataiacha wazi mpaka Januari. Mikono ikifunguka, aingie. Isipofunguka, ni miaka miwili.

Getini Chiriku aliniuliza kama amekosea. Nikamwambia hapana. Nilimwambia kwa ishara zile zile zilizovunjika, kwa sababu sina nyingine.

Yule mhusika wako, mwambie hayo.


2 Agosti

Kaka,

Wiki ya sita hii. Mama anatazama mlango kila posta inapopita. Kama unaumwa, sema. Kama huumwi, sema pia.


27 Agosti

Mdogo wangu,

Siumwi.

Mhusika ni mimi. Nilipopata barua yako ya Februari nilijua kabla sijamaliza ukurasa.

Chaneli ile ilikuwa na megabiti tatu kwa sekunde. Tarehe kumi na nne Januari niliishusha hadi moja na kidogo. Hakuna aliyeniagiza. Mkuu aliuliza tu nani anaweza kupata pa kuiweka chaneli ya pili ya mpira bila kukodi nafasi nyingine kwenye setilaiti. Nilikaa siku mbili nikizipitia chaneli moja moja. Ya watoto nikaiona msimuliaji kakaa, nyuma yake pazia, nikasema hii haina mwendo, haitaumia. Kile kiboksi cha kwenye kona sikukitazama. Nilikichukulia kama nembo. Mimi, mjomba wa Chiriku. Kazi hiyo ndiyo iliyonipa cheo, na dishi nililituma wiki ile ile, kwa furaha.

Nilinyamaza kwa sababu kila siku nilijiambia nitairudisha kesho bila mtu kujua, halafu nitakuandikia kwamba mhusika amekubali.

Kuanzia Jumamosi ya kwanza ya Septemba, saa nne mpaka saa tano, nitairudishia megabiti zake tatu. Nitazipunguza kwenye marudio ya mpira. Usimwambie mtu.

Na mimi nikuulize, kwa sababu si mimi peke yangu niliyenyamaza katika barua hizi. Kimya anakunja mashuka mbele yako mwaka wa tatu huu. Mikono yake haigandi. Mbona hukumwomba?

Kaka yako.


12 Oktoba

Kaka,

Mama hajui, na sitamwambia. Kile cheo ndicho kinachomwamsha asubuhi.

Picha ilikuja. Jumamosi ile ya kwanza saa nne kamili, kama mtu aliyefuta vumbi ndani ya kioo. Tukagundua yule mama ana vidole kumi kama sisi, ana pete, na wala si kijana. "Kumbe mtu mzima mwenzangu!" Mama akasema, akajivuta mbele na goti lake.

Chiriku alirudi nyuma. Akazunguka kutazama nyuma ya televisheni. Kisha akaniuliza, huyu nani? Yule wangu yuko wapi? Alinuna kipindi kizima, nikakaa naye chini sakafuni nimemkumbatia na mtoto mdogo mgongoni, nikimwonyesha: ni yeye, mwanangu, ni yeye, tulikuwa hatumwoni. Ilichukua Jumamosi tatu kumwamini. Ya nne, vidole vikaachana. Tatu. Nne. Akakimbia kumwonyesha bibi yake, tatu, nne, tatu, nne, mpaka Mama akasema basi, tumeshahesabu nyumba nzima.

Jumamosi iliyopita vijimraba vikarudi. Hakuitazama televisheni. Alinitazama mimi, kama ndiye niliyezima.

Swali lako nimeliona. Nina mashuka ya kupiga pasi.


9 Novemba

Mdogo wangu,

Mtazamaji mmoja alipiga simu kulalamika kwamba marudio ya mpira Jumamosi asubuhi yana ukungu. Mmoja tu. Wakafuatilia, wakaona mkono wangu kwenye kumbukumbu za mtambo. Nimetia saini karatasi kwamba sitagusa tena viwango bila ruhusa. Cheo wameniachia.

Nilimwambia mkuu habari za Chiriku. Aliniuliza, kwa upole kabisa, kuhusu chaneli ile simu ngapi zimewahi kupigwa. Nikaangalia. Hakuna hata moja. Viziwi hawapigi simu, nilimwambia. Akasema ndiyo, anaelewa, lakini yeye anafanya kazi na kilichoandikwa.

Usiache kuniandikia.

Kaka yako.


24 Januari

Kaka, shikamoo.

Nimechelewa makusudi, sitakudanganya. Mama hajambo, goti limekubali ile dawa. Mtoto mdogo sasa anakimbia nyumba nzima. Shemeji yako amepunguza safari, sasa anajifunza na yeye, ana mikono mizito kama anabadilisha gia.

Uliuliza mbona sikumwomba Kimya. Nakujibu sasa.

Siku daktari aliponiambia Chiriku hasikii, nilirudi kazini mchana ule ule. Nikamwona Kimya amesimama na lile toroli, watu wanampita kama nguzo, wanamtupia furushi bila kumtazama usoni. Moyoni nikasema, sitaki. Nikimwomba anifundishe, ni kama nimekubali kwamba mwanangu ndiye atakayesimama pale mezani baadaye. Televisheni ilikuwa rahisi. Yule mama wa kwenye kona alivaa vizuri. Ndiyo hivyo, kaka. Wewe hukutazama kiboksi, na mimi kwa miaka mitatu sikutazama ng'ambo ya meza. Tusisafishane.

Ile barua yako ya Novemba ilipofika nilimwendea. Nikamsemesha kwa mikono yangu ya televisheni. Aliweka shuka chini, akacheka mpaka akashika tumbo. Alipoona nalia akaacha, akachukua kipande cha karatasi ya orodha ya mashuka akaandika: "Muda wote huu nilijua hunipendi."

Tangu hapo Jumamosi saa nne anakuja kwetu. Hataki chai kabla ya kazi. Akiona mkono unaganda, anaushika kwenye kifundo na kuutembeza njia yote, polepole, kama anamvusha mtoto barabara. Wangu anaupiga kofi. Anasema mimi ni mtu mzima, nimechelewa kubembelezwa.

Tarehe kumi na mbili tulirudi shuleni. Mwalimu alimuuliza Chiriku miaka yake, akajibu, akaongeza jina la mdogo wake, na meno yake mangapi, na kwamba bibi anakoroma. Mwalimu alicheka mabega yakatikisika. Kisha akatazama chini. Ile nafasi aliyotuwekea, wakubwa wake walimwamuru aijaze mwezi Desemba. Watoto ni wengi, viti ni kumi na viwili. "Ningekuwa na cha kumi na tatu ningempa huyu," alisema. Nilimwamini. Ana wakubwa juu yake naye. Nimechoka na watu wenye wakubwa, kaka.

Kwa hiyo ni miaka miwili. Atakuwa na minane.

Kimya alitufundisha kwamba kwa viziwi mtu hupewa jina la mkono, na hajipi mwenyewe. Chiriku akatugawia. Bibi yake ni goti. Mimi pasi, inapita juu ya kiganja. Baba yake usukani, mdogo wake jino. Akaniuliza, na mjomba? Nikasema mpe na yeye.

Akainua mkono kama anasalimia, ukafika katikati, ukaganda.

Niliona aibu mbele ya mgeni. Nikamwambia Kimya hilo ni lile kosa la zamani, amrekebishe. Kimya akamuuliza. Chiriku akatikisa kichwa, akarudia taratibu ili sote tuone: vidole vitano vimeachana, kila kimoja kinahesabika, hakuna kijimraba hata kimoja. Mkono unainuka kukusalimu, unafika katikati, unasimama. Si kosa, alisema. Ndilo jina lake.

Nilimuuliza Kimya kama jina hubadilishwa. Akasema hubadilishwa na aliyelitoa, akishamwona mwenyewe.

King'amuzi nimekirudisha kwenye boksi lake, kipo chini ya kitanda cha Mama. Usitume kingine. Usitume gauni. Njoo wewe.

Mdogo wako.